Tairi Halikupasuka, Je, Nina Hatia?

Ndugu msomaji, naomba uniruhusu nianze kwa swali ambalo limeninyima usingizi kwa muda mrefu. Mtu akimuuzia mwenzake kitu kibovu, tena akijua fika kuwa ni kibovu, kisha kitu hicho kisimdhuru yeyote, je, mtu huyo ana hatia? Wengi wetu tutajibu haraka haraka: kama hakuna aliyeumia, basi yaishe. Mimi nami nilijibu hivyo. Leo jibu hilo limenishinda kulimeza, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kisa chenyewe ni cha matairi. Usicheke. Najua ulitegemea nizungumzie vita, njaa au rushwa, mambo makubwa yanayostahili kuitwa maswali ya maadili. Lakini mimi sijawahi kuwa waziri wala jemadari. Maadili yangu yamepimwa mahali nilipokuwepo, na mahali hapo palikuwa pananuka mpira na grisi.

Tangu nimalize kidato cha nne nimefanya vibarua vya kila namna, huku usiku nikiandika riwaya yangu kwenye daftari. Mwaka 2024 nilikuwa kibarua kwenye duka moja la matairi hapa Dar es Salaam, upande wa Ilala. Kazi yangu ilikuwa kuziba pancha, kujaza upepo, kuvua na kuvisha matairi. Ulikuwa msimu wa masika, na masika ya mwaka ule hayakuwa na mchezo. Mvua ilinyesha mpaka mtu ukasahau kuanika nguo.

Siku moja ikaingia Subaru Impreza WRX STI ya bluu, ile yenye tundu kubwa juu ya boneti. Washikaji waliokuwa wanakunywa kahawa pale nje wote waliweka vikombe chini. Akashuka kijana wa rika langu, kavaa vizuri, ana tabasamu la mtu anayejua kwamba anatazamwa. Gari alikuwa ameliremba: ekzosti mpya inayonguruma, spika kubwa kule nyuma, rimu za rangi ya dhahabu. Lakini matairi yake yalikuwa kipara kama kichwa cha marehemu babu yangu.

"Fundi, nataka manne," akaniambia. "Ila mfukoni mambo si mazuri. Nifanyie mpango."

Nikainama kusoma ubavuni mwa tairi. Hapa naomba nikueleze kidogo, maana watu wengi hununua matairi kama wanavyonunua machungwa, kwa kutazama ngozi. Pale paliandikwa 225/45R17 90W. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 45 ya ule upana. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Ile 90 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 600. Na herufi W ni mwendo linaoweza kuhimili likiwa zima na lina upepo sahihi, kilomita 270 kwa saa. Tairi lenye herufi T huishia 190, na lenye H huishia 210. Kwa hiyo gari la spoti halivishwi tairi lolote tu linaloingia kwenye rimu.

Tena Subaru ile ina lake jambo. Inavuta kwa magurudumu yote manne, hivyo matairi yote manne yanatakiwa yalingane kwa ukubwa na kwa uchakavu. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyoliwa, yatazunguka idadi tofauti, na mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma itaumia. Kwa hiyo kijana yule hakuwa na njia ya kununua mawili leo na mawili mwisho wa mwezi. Ilikuwa manne mazuri, au manne mabaya.

Seti mpya tulikuwa nayo. Ilikuwa karibu mara tatu ya fedha aliyokuwa nayo.

"Mpe ile seti ya ndani," bosi akaniambia bila kuinua uso.

Seti ya ndani nilikuwa naijua vizuri. Ilikuwa mtumba, imevuliwa kwenye gari moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiosha na kuipaka ile rangi nyeusi mpaka ikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Meno yake yalikuwa bado marefu. Ukiyatazama tu ungesema hili ni tairi la juzi. Lakini kila tairi lina cheti chake cha kuzaliwa. Mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Pale paliandikwa 0812. Wiki ya nane ya mwaka 2012. Matairi yale yalikuwa na umri wa miaka 12.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Hewa, joto na jua vinaukausha. Unakuwa mgumu, unaanza kupata nyufa ndogo ndogo, na tabaka za ndani zinaanza kuachana. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama meno yake bado mazuri, na baadhi ya watengenezaji wa magari husema 6. Hayo nilikuwa nayajua. Bosi ndiye aliyenifundisha.

Kijana akapitisha mkono juu ya tairi, akauliza, "Haya yako fiti?"

Nikasema, "Yako fiti, kaka."

Maneno matatu tu. Nikayavisha, nikajaza upepo, nikafuta rimu zake za dhahabu kwa kitambaa. Akanipa chai ya elfu mbili, akaondoka kwa mngurumo, mvua ikimpiga.

Usiku ule sikulala. Kila nilipofumba macho niliona lami iliyolowa. Nilisubiri habari mbaya. Wiki ikapita, haikuja. Mwezi ukapita. Siku moja akapita mbele ya duka, akanipigia honi, akanipungia mkono. Mzima wa afya! Hapo moyo wangu ukatua, na nikajiambia: unaona sasa, ulikuwa unajisumbua bure. Tairi halikupasuka. Hakuna maiti, hakuna kosa.

Lakini moyo wa mtu una ukaidi wake. Nilipotulia, swali likarudi kwa mlango wa nyuma: ni nani aliyenisafisha? Si mimi, maana sikufanya lolote la kurekebisha. Ni bahati tu. Je, bahati inaweza kumfulia mtu nguo zake chafu?

Baadaye nikaja kujua kwamba swali hili si langu peke yangu. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili na kuliita bahati katika maadili. Nagel alitaja mfano wa dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake. Hebu na sisi tuchukue madereva wawili wa namna hiyo, wenye uzembe uleule, siku ileile. Mbele ya mmoja anatokea mtoto anakimbiza mpira. Mbele ya mwingine barabara ni tupu. Wa kwanza tunamlaani, anafungwa, jina lake linanuka mtaa mzima. Wa pili anafika nyumbani, anakula ugali wake, analala. Tofauti yao ni nini? Ni mtoto, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwita wala kumzuia.

Watu wana majibu yao, na nimeyasikia yote pale kijiweni.

Kwanza, wapo wanaosema ajali haina kinga. Siku yako ikifika imefika, hata uwe na matairi ya dhahabu. Mimi sibishani na amri ya Mungu. Lakini hao hao waliotuachia msemo huo walituachia na mwingine, tahadhari kabla ya hatari. Na nimeona kuwa msemo wa kwanza hutumika zaidi na mtu ambaye amekwisha kuukataa ule wa pili. Hakuna anayesema ajali haina kinga wakati anachagua mchumba au anahesabu chenji yake.

Pili, wapo wanaosema gari ni lake, roho ni yake, aachwe achague. Hoja hii ina uzito, na kijana wa leo huipenda sana. Lakini tairi ni mahali pabaya pa kuitumia hoja hiyo. Subaru ile ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,400. Ukitazama chini, sehemu ya kila tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mkono. Gari zima, na nguvu zake zote, limesimama juu ya viganja vinne. Breki hazisimamishi gari. Breki zinasimamisha magurudumu, na viganja vile vinne ndivyo vinavyosimamisha gari. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinakadiria kuwa gari likienda kilomita 48 kwa saa, litahitaji mita 14 kusimama baada ya breki kukanyagwa. Mwendo ukizidi mara mbili, ukafika 96, mita hazizidi mara mbili bali mara nne, zinafika 55. Na hayo ni makadirio ya barabara kavu. Maji yakiwepo, meno ya tairi ndiyo yanayoyasukuma pembeni. Mpira ukiwa umekakamaa, mita zinaongezeka. Sasa niambie, mita zile za nyongeza ni mali ya nani? Si za mwenye gari. Ni za mama anayevuka na beseni la samaki. Ni za mwanafunzi. Mwenye gari anachagua tairi, lakini anachagua kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza.

Tena si wa nje tu. Vijana wa rika langu tuliangalia sinema za Fast and Furious kwenye vibanda vya video mpaka tukakariri milio ya injini. Tarehe 30 Novemba 2013, nyota wa sinema hizo, Paul Walker, alikufa katika mji wa Santa Clarita, California, ndani ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walitoa taarifa yao Machi 2014. Walisema chanzo kilikuwa mwendo kasi: gari lilikuwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa, mahali palipowekewa kikomo cha kama 72. Lakini pia walieleza kwamba matairi yake yalikuwa na umri wa miaka 9, na kwamba uzee huo ungeweza kupunguza uwezo wa gari kushika barabara. Dunia nzima inakumbuka kifo kile. Wachache wanakumbuka kuwa Walker siku ile hakushika usukani. Aliyeendesha alikuwa rafiki yake Roger Rodas, ambaye naye alikufa palepale. Walker alikuwa abiria. Hata mtu aliyeishi kwa sifa ya magari ya kasi, siku yake ya mwisho alikaa juu ya uchaguzi wa mwingine.

Tatu, wapo wanaosema umaskini. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu. Mtu mwenye pikapiki au kigari cha kubebea mkaa, anayetafuta ada ya watoto, akinunua tairi la mtumba mimi siwezi kumnyooshea kidole. Biashara ya mtumba imelisha nyumba nyingi, na yangu imo. Wala mtumba wote si mbovu. Lipo tairi la miaka mitatu lililovuliwa likiwa zima kabisa. Lakini kijana wa Subaru hakukosa fedha. Fedha yake ilikuwa kwenye ekzosti. Ilikuwa kwenye spika na kwenye rimu, vitu vinavyosikika na kuonekana. Kilichobaki ndicho kilichokwenda kwenye matairi. Na nani kati yetu hajafanya hivyo? Tunapaka nyumba rangi wakati msingi una ufa. Tunakopa suti ya harusi kabla ya kumjua vizuri tunayemwoa.

Basi nikarudi kwangu mimi. Naungama jambo moja la aibu. Kisa hiki nilikuwa nimeanza kukiingiza kwenye riwaya yangu, na kwenye riwaya nilimwua yule kijana. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka usiku, kwenye kona, na yule muuza matairi akalia kaburini hadi ukurasa ukalowa. Niliona ni lazima, la sivyo msomaji atajuaje kwamba palikuwa na kosa? Ndivyo hadithi zetu nyingi zilivyo: mwovu huadhibiwa sura ya mwisho. Lakini yule kijana halisi alikuwa anapita dukani ananipigia honi. Nikaanza kujiuliza kama kumwua katika daftari haikuwa njia ya kukwepa swali. Ikiwa ni lazima mtu afe ndipo tujue kuwa ni kosa, basi maiti ndiyo mwalimu wetu wa pekee.

Jibu nililipata mwezi Juni, na halikutoka kitabuni.

Subaru iliingia asubuhi. Kijana alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa mama wa makamo mwenye mtandio, na nyuma katoto ka kike kamevaa sare za shule.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Tujazie upepo, tumechelewa."

Nikapiga magoti kwenye tairi la nyuma kushoto, lile lile nililolipasua katika daftari. Ile rangi nyeusi ilikuwa imekwisha kuoshwa na mvua. Ubavu wote ulikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama tope lililokauka. Nikainua kichwa, nikakuta kale katoto kananitazama kupitia dirishani, kanakula andazi. Mpira wa upepo ukanitoka mkononi.

"Kaka," nikamwambia kijana, "shuka kidogo." Akashuka. Nikamwonyesha 0812 na kumsomea maana yake.

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Si wewe uliyeniambia yako fiti?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona hukusema siku ile? Spika ningeuza. Hata siku ile ile ningeuza."

Sikuwa na jibu. Mama yake alikuwa ameshusha kioo, amesikia yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo siku zote hizi mimi na huyu mtoto tumekuwa tunapanda, na wewe unajua."

Ndugu msomaji, maneno ya mama yule ndiyo yaliyofungua fundo langu. Nilikuwa nasubiri ajali ili nijue kama nimemdhuru mtu. Kumbe nilikuwa nimekwisha kumdhuru tangu siku ile ya kwanza, dakika ile ile niliyosema yako fiti. Kijana alikuwa na mambo mawili mbele yake, spika au matairi, na mimi nilimficha kwamba anachagua. Angejua umri wa yale matairi akayachukua hata hivyo, uzembe ungekuwa wake, na mimi ningebaki na lawama ndogo. Lakini hakujua. Nilimwibia nafasi ya kuamua, na kwa kumwibia yeye nikamwibia na mama yake, na katoto, na kila aliyevuka barabara mbele yao tangu Aprili hadi Juni. Wizi huo hauhitaji tairi kupasuka ndipo ukamilike. Mwizi aliyeiba saa yako hawi mwema kwa sababu hukuhitaji kujua ni saa ngapi.

Kwa hiyo sasa natenganisha mambo mawili ambayo zamani niliyachanganya. Kuna hatia na kuna hasara. Hasara inategemea bahati: mvua, kona, mtoto aliyekimbiza mpira. Mahakama hupima hasara kwa sababu inaonekana, na ni haki aliyeua alipe zaidi ya ambaye hakuua. Lakini hatia huzaliwa siku ya kuchagua, na bahati haiwezi kuikuza wala kuifuta. Yule dereva wa pili, aliyefika nyumbani akala ugali wake, ana hatia ileile ya mwenzake. Alichokosa ni mashahidi tu.

Jioni ile bosi alinilipa ujira wangu wa siku na kuniambia kesho nisije. "Unadhani umefanya wema?" akaniuliza. "Umetoa siri ya duka." Simlaumu kupita kiasi, ana watoto watano na kodi ya fremu. Wala sijioni shujaa. Niliyesema ukweli mwezi Juni ndiye yule yule niliyesema uongo mwezi Aprili, na katikati palikuwa na siku nyingi ambazo nilijua duka la spika liko wapi na kijana anapita saa ngapi. Kama kweli alibadilisha matairi, sijui. Sijawahi kumwona tena. Nikisikia Subaru ikinguruma usiku huwa naacha kuandika, nasikiliza mpaka ipotee.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1887, kule Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la kwanza la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na mawe. Napenda kukumbuka hilo. Tairi hili tunalolijua lilitengenezwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mtu mwingine.

Basi wewe unayesoma, kama una gari la kasi, au unalitamani kama sisi sote, siku ya kununua matairi usiangalie weusi wake. Inama usome. Tazama upana, tazama ile herufi ya mwendo, tafuta tarakimu nne za mwisho. Uza spika ikibidi. Na wewe unayeuza, uza mtumba wako, riziki ni riziki, lakini taja umri wake kabla ya kutaja bei, kisha mwache mteja aamue mwenyewe. Akichukua, amechukua. Akiondoka, umepoteza laki tatu na nusu.

Lile daftari langu nimelifungua upya. Sura ya mwisho nimeichana. Kijana haifi tena. Anapita, anapiga honi, na muuza matairi anampungia mkono. Nimeona sura hiyo ni ngumu zaidi kuiandika, na bado haijaisha.